Vienna: Waliolala Kitandani Walisema Kabla ya Madaktari

Ratiba ya wanafunzi wa udaktari wanaopelekwa Vienna, mji mkuu wa Austria, inajulikana. Asubuhi wanaingizwa makumbusho ya tiba ya Josephinum kutazama sanamu za nta. Mchana wanakwenda Narrenturm, ule mnara wa duara uliojengwa kuwafungia wagonjwa wa akili, ambao siku hizi umejaa mifupa iliyopinda na viungo vilivyohifadhiwa kwenye chupa. Kesho yake ni nyumba ya Sigmund Freud, daktari maarufu wa magonjwa ya nafsi, Berggasse namba 19, halafu picha ya pamoja kwenye ua wa hospitali ya zamani. Wanarudi makwao na majina: Auenbrugger, Rokitansky, Semmelweis, Billroth, Landsteiner.

Sina ugomvi na majina hayo. Leopold Auenbrugger ndiye aliyeeleza mwaka 1761 namna ya kugonga kifua cha mgonjwa kwa vidole na kusikiliza kama ndani kuna hewa au maji, na mpaka leo mwanafunzi wa udaktari, awe Mbeya au Mombasa, anafundishwa hivyohivyo. Theodor Billroth alikata sehemu ya mfuko wa tumbo wenye saratani mwaka 1881 na mgonjwa akanusurika upasuaji ule, jambo ambalo halijawahi kufanikiwa kabla yake. Lakini mgonjwa huyo alikuwa nani? Aliitwa Therese Heller. Saratani ilimuua miezi michache baadaye, na mfuko wake wa tumbo bado umehifadhiwa Vienna. Wanafunzi wengi wanaolitaja jina la Billroth kwenye mtihani hawajawahi kulisikia la mama huyu.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Ziara inayomwonyesha mwanafunzi mabingwa peke yao inamfundisha kwamba elimu ya tiba ilitoka vichwani mwa watu wachache wenye akili nyingi. Mji wenyewe, ukiusoma kwa utulivu, unasimulia habari nyingine. Mara nyingi mgonjwa au ndugu yake alijua mapema kwamba mambo hayako sawa, akasema, na hakupata wa kumsikiliza.

Tuanze na ile hospitali. Mfalme Joseph II aliifungua Hospitali Kuu ya Vienna mwaka 1784, kubwa kuliko kawaida ya zama zile, ili watu wa hali ya chini wapate mahali pa kutibiwa. Maskini hakutozwa fedha, lakini alilipa kwa mwili wake. Akiwa hai alikuwa somo la wanafunzi kando ya kitanda. Akifa, maiti yake ilipelekwa kupasuliwa ili ijulikane ugonjwa ulimwanzia wapi. Katika karne ya 19 Carl von Rokitansky aliujenga mfumo huo mpaka ukawa fahari ya Ulaya nzima. Inasemekana yeye mwenyewe alisimamia uchunguzi wa maiti zipatazo 30,000. Madaktari walivuka bahari kuja kujifunza Vienna kwa sababu hapakuwa na mahali pengine penye maiti nyingi kiasi hicho na kumbukumbu zilizoandikwa kwa uangalifu kiasi hicho. Na mfumo huohuo ndio ulioleta kifo wodini.

Wodi ya wazazi ilikuwa na kliniki mbili. Ya Kwanza walifundishwa wanafunzi wa udaktari, ya Pili wakunga. Mjamzito hakuchagua. Kliniki hizo zilipokezana siku za kupokea wazazi, kwa hiyo siku uliyoshikwa na uchungu ndiyo iliyoamua utaangukia mikononi mwa nani. Mwaka 1846 Kliniki ya Kwanza ilizalisha wanawake 4,010 na kati yao 459 walikufa, wengi wao kwa homa ya nifasi, ile inayompata mwanamke baada ya kujifungua. Kliniki ya Pili ilizalisha 3,754 na waliokufa ni 105. Jengo lilikuwa moja, hali ya hewa moja, na wanawake wenyewe wa tabaka moja.

Kila mwanafunzi wa udaktari anajua kilichofuata. Ignaz Semmelweis, daktari kijana kutoka Hungaria aliyekuwa msaidizi wa Profesa Johann Klein, alijaribu kila njia. Alibadilisha namna wanawake walivyolazwa wakati wa kujifungua. Alimwomba hata padri aliyekuja kuwapa wanaokufa sakramenti aache kupiga kengele na apite njia ya kuzunguka, kwa kuwa kulikuwa na dhana kwamba sauti ile inawatia wazazi hofu ya kuwaua. Vifo havikupungua. Machi 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, akachomwa na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akaugua na kufa. Semmelweis aliposoma taarifa ya uchunguzi wa mwili wa Kolletschka aliona ugonjwa uleule uliokuwa ukiwaua wazazi. Akaunganisha mambo. Wanafunzi walikuwa wanatoka meza ya maiti na kuingiza mikono yao moja kwa moja ndani ya miili ya wanawake wanaojifungua. Wakunga hawakupasua maiti. Katikati ya Mei aliamuru kila anayeingia wodini anawe kwa maji ya klorini. Aprili ya mwaka ule vifo vilikuwa zaidi ya asilimia 18. Julai vilishuka hadi asilimia 1.2.

Hapo ndipo waongozaji wengi wanapomalizia, na kuongeza masikitiko kwamba wakubwa hawakumwamini, akaondoka Vienna mwaka 1850, akafia katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1865 akiwa na miaka 47. Ni masikitiko ya haki. Ila turudi nyuma kidogo, kabla ya Kolletschka kuchomwa kisu. Wanawake wa Vienna walikuwa wameshajua. Semmelweis mwenyewe aliandika kwamba walipiga magoti wakiomba wasipelekwe Kliniki ya Kwanza. Wengine walijifungulia njiani, kisha wakafika hospitali na mtoto mikononi, ili wasikose haki ya mtoto kulelewa bure. Waliojifungulia barabarani, bila daktari wala mkunga, walipatwa na homa mara chache kuliko waliozalishwa na wanafunzi wa profesa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanawake ambao wengi wao hawakuwa na waume, wala fedha, wala elimu ya darasani, walikuwa wamelifikia jibu sahihi kuhusu mahali pa hatari wakati maprofesa bado wanabishana juu ya hewa chafu.

Lipo na jingine ambalo halitajwi sana. Kabla ya Klein, wodi ile iliongozwa na Johann Boër. Yeye aliwafundisha wanafunzi kuzalisha kwa kutumia kiwiliwili cha bandia na hakutaka wafanyie mazoezi maiti za wazazi waliofariki. Katika miaka kati ya 1784 na 1822, kwa takwimu alizozikusanya Semmelweis, vifo vilikuwa karibu asilimia 1 tu. Boër aliondolewa, Klein akashika nafasi na kuruhusu mazoezi ya maiti, na vifo vikapanda. Mtu aliyeheshimu maiti za wanawake aliwalinda pia walio hai, bila yeye kujua habari za vijidudu. Natamani kila mwalimu anayesimama na wanafunzi kwenye ua ule, ambao sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Vienna, alitaje jina la Boër kwa sauti.

Josephinum iko umbali wa kutembea kutoka hapo. Ilifunguliwa mwaka 1785 kufundishia madaktari wapasuaji wa jeshi, na Joseph II aliagiza sanamu za nta 1,192 kutoka Florence zionyeshe mwili wa binadamu ulivyo ndani. Zilivushwa milima ya Alps kwa migongo ya nyumbu. Anayezungumziwa zaidi ni mwanamke anayeitwa Venus. Amelala kwenye sanduku la kioo, tumbo wazi, ini na utumbo vikionekana, na shingoni amevaa mkufu wa lulu. Nywele zake ni za binadamu. Ufundi wake unashangaza kweli, nao uliwafundisha watu wengi bila kuoza na bila kunuka. Lakini mafundi wa Florence walifinyanga nta ile wakiwa na maiti mbele yao, tena nyingi, kwa sababu maiti huharibika upesi na nyingine lazima iletwe. Mwalimu makini atawaacha wanafunzi wamtazame Venus watosheke, kisha awaulize hao wengine walikuwa akina nani. Asilijibu swali hilo yeye. Aliache liwasumbue.

Halafu awasimulie habari za Angelo Soliman.

Soliman alikuwa Mwafrika aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto na kufikishwa Ulaya. Vienna alitumikia nyumba za wakubwa, akawa msomi anayeheshimiwa, akajiunga na chama cha Freemason pamoja na watu wakubwa wa mji, akaoa na kupata binti, Josephine. Alifariki Novemba 1796. Mwili wake haukuzikwa kama mwili wa Mkristo. Ngozi yake ilichunwa, ikavalishwa kwenye umbo la mbao, ikapambwa kwa manyoya na shanga, ikawekwa katika makumbusho ya vitu vya asili ya mfalme, jirani na wanyama waliojazwa pamba. Mtu aliyeishi mjini humo miongo mingi, aliyezungumza na wasomi wao kwa lugha zao, aligeuzwa kuwa mshenzi wa porini. Josephine aliandika kudai mabaki ya baba yake azike. Kanisa lilimuunga mkono. Hakupewa. Mabaki yale yaliungua moto katika machafuko ya mwaka 1848.

Tukio hilo halikuwa la pekee. Kati ya 1907 na 1909 Rudolf Pöch, mwanaanthropolojia wa Vienna, alizunguka Kalahari akikusanya mafuvu na mifupa. Miongoni mwa waliofukuliwa makaburini ni mume na mke, Klaas na Trooi Pienaar, waliokuwa hawajamaliza hata mwaka ardhini. Walikaa Vienna zaidi ya karne moja kabla ya kurudishwa na kuzikwa Afrika Kusini mwaka 2012. Sisi wa Afrika Mashariki tunayajua haya kupitia Berlin, ambako watafiti wamechunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa enzi za ukoloni kutoka nchi ambazo leo ni Rwanda, Tanzania na Kenya. Mengi yalikusanywa na madaktari na maofisa waliojiona wanasaidia sayansi.

Najua pingamizi linalokuja hapa, maana nimelisikia mara nyingi. Tusiwahukumu watu wa kale kwa vipimo vya leo, wanasema. Zama zile mambo yalikuwa hivyo. Sikubali, na sababu yangu ni Josephine. Yeye hakuwa mtu wa leo. Wanawake waliopiga magoti mwaka 1846 hawakuwa watu wa leo. Kipimo cha kuyakataa mambo hayo kilikuwepo palepale, siku ileile, mdomoni mwa mtu aliyeumizwa. Kilichokosekana ni nguvu ya kumfanya mwenye cheo asikilize.

Nisiseme kwamba Vienna nzima ilikuwa hivyo. Karl Landsteiner alipogundua makundi ya damu, ugunduzi alioutangaza mwaka 1901, alitumia damu yake mwenyewe na ya wenzake wa maabara. Vichupa vichache vya watu waliojua wanachofanya vikazaa elimu ambayo leo ipo kwenye kila mfuko wa damu unaotundikwa wodini. Mlinganishe na Julius Wagner-Jauregg, ambaye mwaka 1917 alichukua damu ya askari mwenye malaria na kuwaambukiza wagonjwa wa kaswende iliyofika kwenye ubongo, akitegemea homa kali iue kaswende. Msomaji wa huku, anayeijua malaria kwa mifupa yake, ataelewa uzito wa jambo hilo. Baadhi walipata nafuu, baadhi walikufa, na daktari alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1927. Kaswende ile ilikuwa hukumu ya kifo, kwa hiyo siwezi kumlaani kirahisi. Lakini wagonjwa wa akili waliochomwa sindano ile hawakuwa katika hali ya kukubali wala kukataa, na hilo nalo linapaswa kuingia kwenye maelezo ya tuzo.

Sehemu ambayo ratiba nyingi zinaikwepa iko magharibi ya mji, juu ya kilima, ambako lile kanisa lenye kuba la dhahabu alilolisanifu Otto Wagner linaonekana kutoka mbali. Hospitali ya Steinhof. Mwaka 1940 na 1941, chini ya utawala wa Wanazi, zaidi ya wagonjwa wa akili 3,200 walichukuliwa hapo na kusafirishwa kwenda kuuawa, wengi wao kwa gesi katika ngome ya Hartheim. Ndani ya hospitali hiyohiyo, katika kitengo cha watoto kilichoitwa Am Spiegelgrund, watoto na vijana 789 walipoteza maisha kati ya 1940 na 1945. Walikuwa na ulemavu, au kifafa, au walihesabiwa kuwa watukutu wasio na faida kwa taifa. Walipewa dawa za usingizi kidogo kidogo, wakanyimwa chakula cha kutosha, wakapata nimonia, na kwenye cheti ikaandikwa nimonia. Waliofanya hivyo walikuwa madaktari na wauguzi wenye vyeti.

Hapa tena kuna aliyesema. Anny Wödl alikuwa muuguzi, na mwanawe Alfred alikuwa na ulemavu. Wagonjwa walipoanza kuondolewa Steinhof aliwahamasisha ndugu wengine waandike barua, na yeye mwenyewe akasafiri mpaka wizarani Berlin kupinga. Hakufanikiwa. Alfred aliuawa Spiegelgrund Februari 1941. Mama huyu alikuwa wa taaluma ya afya, alizijua njia zote za ofisini, alisema wazi mbele ya wenye mamlaka wakati ambapo kusema kulikuwa hatari. Kama kuna mtu mmoja wa Vienna ambaye mwanafunzi wa uuguzi anastahili kumjua kwa jina, ni huyu.

Vita viliisha, lakini mambo hayakuisha. Daktari Heinrich Gross, aliyefanya kazi Spiegelgrund, aliendelea kwa miaka mingi kuchunguza na kuandika kuhusu bongo za watoto waliokufa pale, zilizohifadhiwa kwenye chupa. Alipata nishani ya taifa ya sayansi mwaka 1975 na akawa mtaalamu wa magonjwa ya akili anayetegemewa na mahakama. Mwaka huohuo alipelekewa mtuhumiwa mmoja ampime. Mtuhumiwa huyo, Friedrich Zawrel, alimtambua: aliwahi kuwa mtoto mikononi mwake Spiegelgrund. Zawrel akasema, na miaka ikapita kabla hajasikilizwa. Kesi ya Gross ilipofunguliwa mwaka 2000 ilisimamishwa kwa maelezo kwamba akili yake imechoka. Mabaki ya watoto yalizikwa mwaka 2002 katika Zentralfriedhof, makaburi makuu ya mji. Hesabu miaka: ni zaidi ya nusu karne ambayo bongo zile zilikaa rafuni kama vifaa vya utafiti, na wanafunzi na watafiti wakapita mbele yake.

Ndiyo maana swali la chupa ni swali la leo. Eduard Pernkopf, mkuu wa kitivo cha udaktari kuanzia 1938, ambaye chini yake zaidi ya nusu ya walimu wa kitivo walifukuzwa, wengi kwa kuwa Wayahudi, aliongoza kazi ya atlasi ya anatomia, yaani kitabu cha michoro ya viungo vya mwili, ambayo wapasuaji walisifu michoro yake duniani kote. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Vienna ulionyesha mwaka 1998 kwamba taasisi ya anatomia, ambako michoro ile ilitengenezwa, ilipokea miili isiyopungua 1,377 ya watu walionyongwa au kukatwa vichwa wakati wa Wanazi. Madaktari wa neva bado wanabishana kama ni halali kuifungua atlasi ile ili kumwokoa mgonjwa aliye mezani. Mimi naona mgonjwa akiambiwa michoro ilikotoka na akaridhia, ifunguliwe. Kuificha asili yake ndiko kunakorudia kosa la kwanza.

Tusidhani haya ni ya Waaustria peke yao. Katika vyuo vingi vya udaktari Afrika Mashariki, miili inayofundishia anatomia ni ile isiyodaiwa mochwari: mtu aliyegongwa na gari bila kitambulisho, mzee aliyefia mbali na kwao, maskini ambaye ndugu zake hawakuweza kulipa bili. Sheria inaruhusu. Hakuna aliyemuuliza marehemu. Vienna ya leo inafundisha kwa miili ya watu walioandika wenyewe wakiwa hai kwamba wanaitoa, na wana sehemu yao ya kuzikwa katika Zentralfriedhof. Kufikia huko kulichukua muda na kulihitaji aibu kubwa.

Kwa hiyo anayepanga safari ya wanafunzi apange hivi. Steinhof iwe asubuhi ya siku ya kwanza, vichwa vikiwa bado vyepesi, na banda la maonyesho ya kuwakumbuka waliouawa lipewe muda wa kutosha. Kila mwanafunzi akabidhiwe mtu mmoja kabla ya kupanda ndege, asome habari zake, na awe msemaji wake mbele ya kundi watakapofika mahali panapomhusu: Therese Heller, Josephine Soliman, Alfred Wödl, Trooi Pienaar, Friedrich Zawrel, au mmoja wa wale 459 wasiotajwa. Wakunga na wauguzi wanafunzi wawemo kwenye msafara, maana Kliniki ya Pili ilikuwa yao na takwimu zake ndizo zilizofichua ukweli. Freud anaweza kusubiri safari nyingine. Na ripoti ya safari isiishe na picha za Vienna. Iwe na ukurasa unaoeleza miili iliyomo kwenye maabara ya anatomia ya chuo chao wenyewe ilifikaje hapo, nani alitia saini, na itazikwa wapi muhula ukiisha.